Maswali ya Wasomaji: Faragha ya Mtandaoni na Utamaduni wa Taifa

Swali: Ndugu Mhariri, ninaandika tasnifu kuhusu faragha mtandaoni, na karibu kila makala ninayoisoma inadai kwamba watu wa mataifa yanayotanguliza uhuru wa mtu mmoja mmoja huhofia zaidi taarifa zao kuliko watu wa mataifa yanayotanguliza jamaa na kundi. Je, dai hilo ni la kweli, au ni namna ya heshima ya kusema kwamba wengine hawajali siri zao?
*Mwanafunzi wa shahada ya uzamili*

Jibu: Ndugu msomaji, dai hilo lina ukweli ndani yake, ila limebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Chimbuko lake ni kazi ya mtafiti Mholanzi Geert Hofstede, aliyechambua madodoso yaliyojazwa na wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, wa nchi nyingi kati ya mwaka 1967 na 1973, na mwaka 1980 akachapisha alama zinazoonyesha jinsi watu wa kila nchi wanavyotanguliza nafsi au kundi, wanavyokubali tofauti za madaraka, na wanavyoogopa mambo yasiyotabirika. Watafiti waliofuata wamezichukua alama hizo na kuzilinganisha na majibu ya watumiaji wa intaneti. Utafiti mmoja wa aina hiyo, uliochapishwa mwaka 2004 na kuhusisha nchi 38, ulithibitisha kwamba utamaduni una uhusiano na wasiwasi wa faragha; lakini ulionyesha pia mambo mawili ambayo wengi wanaounukuu huyaruka, yaani kwamba wasiwasi hupungua kadiri mtu anavyoizoea intaneti, na kwamba sehemu ya athari ya utamaduni hupitia katika sheria za nchi.

Kumbuka pia kwamba alama ya taifa ni wastani tu. Haikuambii lolote kuhusu mtu mmoja aliyekaa mbele ya kompyuta yake, na wastani wenyewe ulitokana na waajiriwa wa kampuni moja.

Kwa maoni yangu, kasoro kubwa iko katika swali lenyewe. Kuuliza ni taifa gani linajali zaidi ni kudhani kwamba hofu ya faragha ni ya aina moja kila mahali, kisha kinachobaki ni kuipima wingi wake. Ukiuliza watu wa taifa fulani wanamficha nani taarifa zao, picha hubadilika kabisa.

Chukua Norway na Ujerumani, ambazo katika alama za awali za Hofstede za kutanguliza nafsi zinakaribiana mno: 69 na 67. Nchini Norway mapato, mali na kodi ya mlipakodi ni taarifa za wazi, na orodha hizo zilipohamia mtandaoni watu walizichungulia kwa mamilioni. Tangu mwaka 2014, hata hivyo, anayetazamwa anaweza kuona jina la aliyemtazama. Hakuna takwimu hata moja iliyofichwa, lakini idadi ya waliochungulia iliporomoka mara moja. Ni dhahiri kwamba serikali kujua mshahara wa mtu hakukuwa tatizo. Aibu ilikuwa ni kujulikana kuwa umemchunguza jirani.

Ujerumani ni kinyume chake. Jimbo la Hesse lilitunga sheria ya kwanza duniani ya kulinda data mwaka 1970, na mwaka 1983 Mahakama ya Katiba ilitengua sehemu za sheria ya sensa kwa hoja kwamba raia ana haki ya kuamua taarifa zake zitumikeje. Google Street View, huduma inayoonyesha mtandaoni picha za mitaa na nyumba zake, ilipokaribia kuanza huko mwaka 2010, kaya zipatazo 244,000 ziliomba picha za nyumba zao zifichwe. Alama za utamaduni haziwezi kueleza tofauti hiyo. Kumbukumbu ya utawala wa Wanazi, na ya polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, inaieleza vizuri zaidi.

Marekani nako, penye alama ya juu kuliko zote ya kutanguliza nafsi katika orodha hiyo ya awali, 91, hakuna sheria moja ya shirikisho inayolinda data zote za raia. Zipo sheria za vipande vipande, ikiwemo ya mwaka 1988 inayolinda kumbukumbu za kanda za video zilizokodiwa, iliyotungwa baada ya gazeti kuchapisha orodha ya kanda za mtu aliyependekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Huko anayetiliwa shaka tangu zamani ni serikali, wala si muuzaji.

Na wale wanaodaiwa kutojali? Watafiti waliozungumza na wanawake wa India, Pakistan na Bangladesh, ambao aghalabu simu zao hutumiwa na familia nzima, walikuta ulinzi wa kila namna: programu zilizofungwa kwa nywila, ujumbe mmoja mmoja uliofutwa kabla simu haijashikwa na mtoto au mume, historia ya utafutaji iliyosafishwa. Dodoso linalouliza tu kuhusu kampuni na wadukuzi halitamwona mwanamke huyo, na litamhesabu kuwa hana wasiwasi.

Swali: Ninasanifu programu ya simu itakayotumika katika nchi kadhaa. Je, nibadilishe mipangilio ya faragha kwa kufuata utamaduni wa kila nchi?
*Msanifu wa programu*

Jibu: Fuata sheria ya kila nchi, kwa kuwa hilo si hiari. Utamaduni usiutumie kama kisingizio cha kuwapa baadhi ya watumiaji ulinzi hafifu. Kilicho muhimu ni kuacha kudhani kwamba simu moja ina mtu mmoja: mwezeshe mtumiaji kufuta kitu kimoja bila kufuta vyote, kufunga sehemu ya programu kwa nywila yake mwenyewe, na kuzuia maneno ya ujumbe yasijitokeze kwenye kioo kilichofungwa. Katika kila kisanduku cha fomu, andika nani atakiona atakachojaza, kwa kuwataja wahusika: wafanyakazi wenu, watumiaji wengine, au watangazaji wa biashara. Mtumiaji wa Oslo, Norway, na wa Dhaka, Bangladesh, watasoma mstari huohuo, na kila mmoja atasita penye jina tofauti.