Fundi Anajibu: Kiti kinachozama na kuibuka

SWALI: Shikamoo Fundi. Naendesha baiskeli ya milimani yenye fremu ya alumini, na tundu la nguzo ya kiti ni milimita 31.6. Kila nikifika kileleni nasimama, nafungua klampu, nazamisha kiti, nashuka. Chini nasimama tena, nakivuta juu, nakinyoosha, nafunga. Wenzangu wanabonyeza kwa kidole tu, kiti kinazama huku baiskeli inatembea, na wakimaliza mteremko wananisubiri. Nguzo za namna hiyo za dukani zimenishinda. Nina jiliwa, keekee, tupa na subira. Naweza kujitengenezea kwa mabomba mawili na springi?
Msimamaji

JIBU: Marahaba, Msimamaji. Unaweza. Ila tuelewane kwanza kazi yenyewe iko wapi. Kukishusha kiti hakuna ufundi, uzito wako unatosha. Shughuli ni kukirudisha: kirudi palepale kilipokuwa, pua yake ikitazama mbele, kisha kisizame tena mpaka wewe useme. Nguzo yangu ya kwanza ilizama vizuri ajabu. Ilipotakiwa kupanda ilipanda kwa hasira, ikanipiga pale ambapo gazeti hili haliwezi kupataja.

Kwa hiyo usianze na mabomba mawili. Anza na nguzo uliyonayo na klampu ya mkono, ile yenye wenzo wa kufungua bila spana. Mwaka 1984, kule California, Joe Breeze na Josh Angell walitoa kidude walichokiita Hite-Rite. Ilikuwa springi moja tu: mguu mmoja umeshikwa kwenye klampu ya fremu, mguu wa pili kwenye nguzo. Mpandaji alifungua wenzo akiwa juu ya baiskeli, akakalia kiti kikazama, akafunga. Akitaka kimo cha kupandia alifungua tena, akajiinua kidogo, springi ikakisukuma kiti juu, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa migumu, kiti hakikuzunguka sana. Hakuna kebo wala kitufe.

Kuunda springi ya umbo hilo nyumbani si rahisi, lakini kazi ile ile unaweza kuipata kwa springi ndefu ya kusukuma iliyowekwa ndani ya fremu, chini ya nguzo. Ingiza kwanza kijiti chembamba ndani ya bomba la fremu mpaka kigonge kitu, ukipime. Mara nyingi kitagonga bolti za kishikio cha chupa, si mwisho wa bomba. Pale unapogonga ndipo sakafu yako, usijipangie zaidi. Kisha legeza klampu, funga mizani ya kuning'iniza kwenye kiti, vuta juu polepole usome. Yangu ilisoma kilo 3, na humo uzito wa kiti na nguzo haukufika hata kilo 1. Kilichobaki ni msuguano. Springi lazima isukume zaidi ya kipimo chako hata inapokuwa imenyooka karibu kabisa, kwa sababu hapo ndipo inapokuwa dhaifu. Wengi hupima nguvu yake ikiwa imebanwa, wakafurahi, halafu kiti kinakomea sentimita 2 kabla ya kimo.

Tumia hicho kidude mwezi mmoja kabla ya kugusa keekee. Kitakufundisha unahitaji kushusha kiasi gani. Mimi niliapa kwamba nataka sentimita 15. Baada ya wiki tatu, mstari wa vumbi kwenye nguzo ulisema 8. Leo zinauzwa nguzo zinazoshuka milimita 200 na zaidi, lakini kila milimita unayoongeza itaidai fremu yako urefu, na utaona sasa hivi kwa nini.

Sasa mabomba mawili. Bahati yako ni hiyo 31.6. Nguzo nyingine ya kawaida sana ina kipenyo cha milimita 27.2, na tofauti ya namba hizo mbili ni 4.4, yaani ukuta wa milimita 2.2 kila upande. Nguzo ya 27.2 inakuwa bomba la ndani, na bomba la nje linakaa kwenye fremu yako na kubanwa na klampu. Bomba hilo la nje mpelekee fundi wa kukereza. Mwambie nguzo iteleze kwa uwazi wa milimita 0.1. Usijaribu kulipanua kwa msasa, nimeshamwona mtu aliyepata yai badala ya duara. Na ukishalifunga, kaza klampu kwa kiasi tu. Ukuta mwembamba ukibanwa sana unaikaba nguzo ya ndani, na hapo utailaumu springi bure.

Hesabu urefu. Kiti kikiwa juu kabisa, nguzo ya ndani ibaki ndani ya bomba la nje angalau milimita 100. Hapo sibishani na mtu. Ongeza mwendo wa 80, yaani umbali wa kiti kushuka, inakuwa 180. Springi ikibanwa mpaka mizunguko igusane inakula kama 70 nyingine, jumla 250. Kijiti chako kilisomaje? Kama kiligonga kwenye 220, punguza mwendo, usipunguze ile 100. Kumbuka pia kwamba ukikata nguzo chini unaondoka na ule mstari wa kikomo uliochorwa kiwandani. Chora wako kabla ya kukata.

Ndani, katikati, simamisha fito ya chuma ya milimita 8 iliyokazwa kwenye kizibo cha chini cha bomba la nje. Springi inaivaa fito hiyo, hivyo haipindi. Fito inapenya kizibo cha chini cha nguzo ya ndani, na juu yake kuna washa ya mpira, washa ya chuma na nati mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine. Nati hizo ndizo zinazoizuia nguzo isiruke nje. Nguzo yangu ya kwanza haikuwa nazo. Umeshasikia yaliyonipata.

Kufuli ni pini. Juu ya bomba la nje, nje ya fremu, weka pete nene ya chuma, na ndani ya pete pini inayosukumwa na springi ndogo na kuvutwa na kebo ya breki. Kwa kuwa pete haitembei, kebo nayo haitembei, jambo linalokuepusha na mengi. Kwenye nguzo ya ndani toboa matundu mawili tu, la juu na la chini. Yatoboe ubavuni. Mbele au nyuma usiguse. Nguzo imelala kinyumanyuma, na ukiikalia uso wa mbele unavutwa na uso wa nyuma unabanwa. Ufa huanzia panapovutwa, na ubavuni mvuto huo ni mdogo kabisa. Nilianza na pini ya milimita 5, na safari chache za mawe zikayageuza matundu kuwa marefu kama punje za mchele. Pini haikupata hata mkwaruzo. Alumini ndiyo iliyosalimu amri. Nikahamia pini ya 8 na nguzo yenye ukuta mnene, ikatulia. Baada ya kutoboa, lainisha kingo za matundu mpaka ukucha usikwame.

Kati ya matundu hayo mawili chonga mfuo wa kina cha milimita 1, upana sawa na pini. Mkono ukivuta kebo, pini itoke tunduni lakini ibaki ikisafiri ndani ya mfuo, la sivyo kiti kitazunguka na pini haitaliona tundu la pili. Mvuto wa kebo uwekee kikomo cha bolti. Upana wa mfuo uwe wa haki kwelikweli: uchezi wa milimita 0.2 kwenye pini unakuwa zaidi ya milimita 2 kwenye pua ya kiti. Hiyo utaisikia ukipanda, ingawa haikuumizi.

Kwa wenzo wa mkononi, kama baiskeli yako ina gia moja tu ya mbele, kile kibadili gia cha kushoto kilichobaki bila kazi kinafaa.

Majaribio yafanyike chini, baiskeli imeegemezwa ukutani. Bonyeza kwa kiwiko, kisha kaa, kisha kaa kwa kishindo. Baadaye uwanja tambarare. Mlima ni wa mwisho kabisa. Kila ukirudi, futa matope upitishe ukucha kuzunguka matundu. Ukihisi mstari mwembamba kama unywele, nguzo hiyo imekwisha, hata kama ni ya wiki mbili.

SWALI: Fundi, nimeokota kiti cha ofisi kilichovunjika miguu. Silinda yake inapanda na kushuka safi. Nikate kichwa niifunge kwenye baiskeli?
Mwokotaji

JIBU: Usikate, usitoboe, usichomelee. Ndani kuna naitrojeni iliyoshindiliwa, na silinda ikipasuka mikononi hakuna atakayekuokotea vidole. Hata ukiiacha nzima haikufai: fito yake huwa na kipenyo cha milimita 28 na lile ganda la nje 50, kwa hiyo haiingii kwenye fremu ya kawaida. Na inasukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 30. Kwenye kiti cha ofisi umekaa juu yake muda wote. Kwenye baiskeli inakusubiri umejiinua. Wazo lako si la kipuuzi, kwa kweli, maana nguzo nyingi za dukani zinatumia springi ya gesi, lakini imepimwa kwa kazi hiyo. Chukua magurudumu ya hicho kiti, ndiyo mali.

SWALI: Je, hizi nguzo si mchezo tu wa watu wa milimani? Mimi ni wa barabara ya lami.
Lami Tupu

JIBU: Machi 2022 Matej Mohorič wa Slovenia alishinda Milan–San Remo, mbio za barabara za kilomita karibu 300, akiwa na nguzo ya namna hii. Aliwaacha wenzake kwenye mteremko wa Poggio, kiti kikiwa chini.

SWALI: Nguzo yangu ya kawaida inazama yenyewe kidogokidogo nikipanda. Nimekaza klampu mpaka imelia.
Nazama

JIBU: Iache, usiikaze tena. Toa nguzo, usome namba iliyogongwa karibu na mstari wa kikomo, kisha pima tundu la fremu. Nguzo ya 27.0 kwenye tundu la 27.2 inaingia vizuri tu, na inazama hivyo hivyo unavyosema. Zikiwa sawa, futa grisi yote, upake kidogo sana upya. Usiiache kavu kama fremu ni chuma na nguzo ni alumini, zitashikana na hutaitoa tena.