Kabla hujakilaumu kisima

Mlipuko wa kwanza wa kipindupindu niliotumwa kuuchunguza, nilifika na jibu mfukoni. Masika, kijiji chenye kisima kimoja cha wazi, watu wanahara maji meupe kama ya kuoshea mchele. Cha kuuliza nini tena? Tukatia klorini kisimani, nikapiga simu wilayani kwamba chanzo kimepatikana. Siku ya tatu wagonjwa wapya wakaanza kuletwa kutoka kitongoji cha ng'ambo ya mto, ambako hakuna anayechota kwenye kisima kile.

Ikabidi nirudi kwenye daftari la wagonjwa, nilikopaswa kuanzia. Kwanza unaamua nani ahesabiwe mgonjwa, kwa maneno yasiyobadilika kila nyumba: tangu tarehe gani, eneo gani, dalili zipi. Bila hivyo kila tumbo linalouma litaingia humo. Kisha mstari mmoja kwa kila mtu: umri, jinsia, kitongoji, alikokula na kunywa, amepona au amefariki. Na siku aliyoanza kuhara. Mimi nilikuwa nimeandika siku aliyofika zahanati, kwa hiyo grafu yangu ilionyesha tu siku ambazo bodaboda zilipatikana. Kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku 5 baada ya vijidudu kuingia mwilini. Ukiwa na tarehe sahihi unahesabu kurudi nyuma mpaka kwenye tukio lenyewe.

Nikamsomea majina mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo anayemjua kila mtu. Kwa wale wa ng'ambo akanikatiza: "Hawa si walikuja kuzika, mwanangu?"

Kumbe marehemu alirudishwa kutoka mjini akiwa amekufa kwa kuhara. Ndugu waliomwosha ndio waliopakua chakula cha msiba. Mimi nilikuwa nauliza kila mlango, "Mnakunywa maji ya kisima?" na kila mlango unajibu ndiyo, wazima na wagonjwa. Swali la namna hiyo halitofautishi chochote. Uliza, "Tangu Jumamosi umekula wapi?" kisha nyamaza. Halafu waulize hivyo hivyo wasiougua. Walioosha maiti na waliokula pale ndio walioanza kuanguka. Waliokunywa maji yaleyale bila kwenda msibani, wengi walikuwa wazima. Kisima kilikuwa kichafu kweli, ila hakikuwa kimeanzisha hili.

Anayekataa kuingia kwenye maelezo yako ndiye wa kumfuatilia. London mwaka 1854, kipindupindu kilipozuka, daktari John Snow alishuku pampu ya maji ya Broad Street, lakini mjane mmoja alifia Hampstead, mbali kabisa. Alipofuatilia akakuta mama huyo alikuwa akiletewa maji ya pampu ile kwa sababu aliyapenda. Kwake aliyekaa mbali ndiye aliyethibitisha. Kwangu, wa mbali ndio walionikosoa.

Gari la serikali liache barabarani. Likiegeshwa uani, watu wanadhani umekuja kuwafungia nyumba au kuwazuia kuzika, na habari ya msiba hutaipata. Kinyesi cha kupima kichukuliwe kabla mgonjwa hajapewa dawa ya kuua bakteria. Kuotesha vijidudu maabara huchukua siku 2 au zaidi, wakati mgonjwa aliyeishiwa maji anaweza kufa ndani ya saa chache, kwa hiyo ORS (maji ya chumvi na sukari ya kunywa) na dripu zisisubiri majibu. Wakubwa watataka jibu kabla ya jioni. Wape idadi ya wagonjwa na hatua zilizochukuliwa, chanzo wakisubiri.

Tulipomaliza kurasa zote, yule mama alirudi kwenye mstari mmoja, mtoto wa miezi 8.

"Huyu mtoe. Hakuhara, anaota meno tu."

Nikamkata kwa kalamu nyekundu.