Shangazi, nirudi chuo au nisubiri watoto wamalize?

Barua zimekuwa tatu mwezi huu, ila ya kwanza imekula karibu ukurasa wote, wengine mtanisamehe.

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Mimi ni mwalimu wa praimari hapa Bombo, Uganda, nina cheti cha ualimu cha Gredi Tatu, miaka 38 na watoto watatu. Wa kwanza yuko S3 (sekondari ya tatu) fizi laki nne na ishirini kila temu, wa pili P7 (praimari ya saba) laki moja na themanini, wa mwisho P4 shule ya serikali lakini kuna pesa ya chakula na vitu vingine, elfu sitini. Mshahara unaingia laki nne na themanini, hapo sacco wanakata elfu tisini na bado imebaki miezi nane kuanzia huu wa Septemba. Mzee wangu ni fundi wa magari, siku nzuri analeta elfu ishirini na tano, siku mbaya analeta grisi kwenye shati tu. Sasa nimepata adimishoni ya digrii, ile ya walimu walio kazini tunasoma likizo, naanza Januari. Wanataka tuisheni laki saba na mambo mengine laki mbili na nusu kila semesta, semesta mbili kwa mwaka, Januari na Agosti. Mzee anasema tuuze kiploti chetu cha Wobulenzi. Mama mkwe anasema mwanamke wa miaka 38 anasoma ili aende wapi. Na kuna mkopeshaji hapa tauni yuko tayari kunipa hata kesho, asilimia ishirini kwa mwezi, anataka kadi yangu ya ATM na namba ya siri. Niko pia kwenye nigiina, mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, ya wanawake 24, elfu kumi kila wiki, zamu yangu ni Oktoba. Nifanyeje, au ningoje watoto wamalize kwanza? *Mwalimu M., Bombo*

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu. Tuanze na hilo la kungoja maana ndo linalonisumbua. Huyo wako wa P4 akimaliza S6 wewe utakuwa na miaka 47, na hapo ndo yeye anataka chuo, sasa utamwambia nini, kaa pembeni mama aingie kwanza? Watoto hawamalizi, wanabadilisha tu darasa. Na kazi yenyewe haikungoji, ile sera ya walimu ya 2019 imeshasema sifa ya chini ya mwalimu ni digrii, hata wa praimari, kwa hiyo Gredi Tatu yetu hii ni kama nguo ya shule imekubana, unaivaa lakini unajua siku zake.

Nimekaa na barua yako na kitabu cha kurasa 96, vile vya watoto, nikachora miezi. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba watoto wako watatu kwa mwaka wanakula milioni moja na laki tisa na themanini. Wewe peke yako milioni moja na laki tisa. Yaani umepata mtoto wa nne mwenye tumbo la watatu, na huyo mtoto ni wewe. Sasa shida ya wamama wengi ni kwamba huyu wa nne hawamuandiki popote, fizi ya watoto iko kwenye bajeti ya nyumba inajulikana, fizi ya mama inatafutwa kimya kimya huko pembeni, inakopwa kwa jirani, inachomolewa kwenye sukari. Muandike. Mzee akae hapo, kitabu kiwe mezani, jina lako liwe chini ya la P4.

Kitu cha pili ni tarehe. Ukijumlisha mwaka mzima unaogopa bure, angalia wiki. Januari wewe unadaiwa, Februari watoto wote wanadaiwa na huyo wa P7 anaingia S1, halafu sacco bado inakata mpaka Aprili. Baada ya Aprili zile elfu tisini zinarudi nyumbani. Mei, Juni, Julai, Agosti, hiyo ni laki tatu na sitini tayari kwa semesta ya pili, na hujaomba mtu. Kwa hiyo shimo lako ni la Januari mpaka Aprili, si la miaka mitatu. Ukilipita hilo unapumua, si sana lakini unapumua.

Sasa tunalijaza vipi. Nigiina kwanza. Zamu ya Oktoba haikusaidii kitu, laki mbili na arobaini ya Oktoba mwalimu itakuwa imeshakuwa unga na viatu kabla ya Novemba. Nenda kwa mwenzako mwenye zamu ya wiki ya kwanza ya Januari mbadilishane, wengi watafurahi kupata mapema, na ukihesabu wiki 24 zamu inayofuata inaangukia Juni, hiyo unaifungia mpaka Agosti. Pili mzee. Usimuombe laki, fundi hana laki, fundi ana elfu za jioni. Muombe elfu tatu kila siku aliyofanya kazi, iingie kwenye simu yako au kwenye kopo, mimi sijali, lakini kila siku. Kuanzia sasa mpaka Januari siku za kazi zinafika kama mia, hiyo ni laki tatu. Ukijumlisha na nigiina una laki tano na arobaini, na angalia Desemba, maana Desemba hata sisi tusio na Krismasi inatula.

Halafu nenda ofisi ya bursa, ile ya hesabu za chuo, kabla hujaanza, si siku ya kuripoti kuna foleni na kelele, nenda sasa, uulize maswali matatu tu: naweza kulipa tuisheni mara mbili, tarehe ya mwisho ni ipi, na bila kulipa kiasi gani siruhusiwi kufanya mtihani. Vyuo vingi vinapokea vipande ila kila kimoja kina tarehe zake, na hizo zingine laki mbili na nusu mara nyingi wanazitaka zote mwanzoni. Wakikubali nusu ya tuisheni basi Januari unahitaji laki sita, na umebakiza elfu sitini kuzitafuta.

Kiploti msikiuze. Kikodisheni. Wobulenzi pale watu wanatafuta pa kulima mahindi kila msimu, mvua ya Machi ikikaribia mtu analipa ndo aingie, na hiyo pesa inakuja humo humo ndani ya shimo lako. Ardhi ukiiuza kwa ajili ya semesta moja, semesta ya pili utauza nini, kitanda?

Huyo wa kadi ya ATM sasa. Laki tisa na nusu kwa asilimia ishirini ni laki moja na tisini kila mwezi riba peke yake, na mshahara wako baada ya sacco ni laki tatu na tisini. Nusu ya mshahara inaondoka na deni liko pale pale linakutazama. Halafu sheria ya wakopeshaji ya 2016 inawakataza kushika kadi ya ATM, namba ya siri, hata kitambulisho cha taifa, na mwaka 2024 serikali ikaweka mwisho wa riba yao asilimia 2.8 kwa mwezi. Hiyo kwenye pesa yako ni kama elfu ishirini na sita na mia sita. Ulinganishe mwenyewe. Nawajua walimu ambao siku ya mshahara hawaendi benki, wanaenda kwa mkopeshaji kuomba kilichobaki, na hao ndo wanafundisha watoto wetu hesabu.

Na atatokea mtu akwambie chukua ile milioni ya PDM, mkopo wa serikali wa maendeleo ya parishi, ulipe chuo. Acha. Ile ni ya mradi, kuku, kahawa, nguruwe kwa wanaofuga, ina riba ya asilimia sita kwa mwaka na inarudishwa, na tuisheni haitagi mayai.

Huyo wa P7 najua mmeshamuahidi bweni. Godoro, sanduku, ndoo, jembe, fagio, karatasi za choo, mnajua ile listi inavyokuja ndefu kama shuka. Mwakani asome shule ya kutwa, ya USE (sekondari ambayo serikali inalipia tuisheni) kama ipo karibu, na muambieni mapema sababu ni mama anaanza chuo, watoto wanaelewa kuliko tunavyofikiri, mimi wangu alikuwa ananikagulia homuweki.

Mama mkwe usigombane naye hata kidogo. Utasoma likizo, si ndiyo, na likizo watoto wako nyumbani wanakula kutwa nzima, sasa atabaki nao nani? Ni yeye. Mpelekee sukari na sabuni, usimueleze habari za sera, muombe msaada wa wajukuu. Na nauli uihesabu ukiwa umekaa, Bombo mpaka Kampala ni kilomita kama 35, wiki tatu za teksi kwenda na kurudi zinaweza kupita bei ya kulala kwa ndugu ukachangia chakula. Mchana utakula kikomando kama sisi wote, chapati zilizokatwa na maharagwe, hakuna aliyekufa.

Neno moja hutalipenda. Ukipata digrii mshahara haupandi siku hiyo. Serikali inalipa cheo ulichoajiriwa nacho, si karatasi uliyonayo, mpaka tume ya utumishi ya wilaya itangaze nafasi, uombe, wakuhoji, wakupe barua. Wengine wamekaa na digrii kwenye fremu miaka na mshahara ni ule ule. Kwa hiyo usikope leo ukihesabu mshahara wa kesho. Na programu yenyewe hakikisha iko kwenye orodha ya NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, na muda wake haujaisha, hili usimuachie wakala wa mtu.

Na risiti. Mimi nilirudi shule nikiwa na 34, nasomea jikoni usiku Yaka, umeme wa kulipia kabla, imekwisha, tochi ya simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Mwaka wa tatu, siku mbili kabla ya mtihani, kijana wa ofisi ya hesabu ananiambia kwenye kompyuta hujalipa. Nilikuwa natembea na bahasha ya kaki, ndani risiti saba, moja imelowa chai mpaka namba zimevimba. Ndo hiyo hiyo aliyoitaka! Tuliisoma pamoja kwenye mwanga wa dirisha kama watu wanaotafuta mwezi wa Ramadhani. Piga picha kila risiti siku hiyo hiyo, mtumie mzee, mtumie hata mama mkwe. Na usimpe mtu yeyote pesa mkononi eti atakulipia, chukua namba ya malipo kutoka kwenye sistimu ya chuo ulipe mwenyewe.

Ikitokea kabisa mambo yamekataa katikati, usipotee kimya. Andika barua usimamishe mwaka, wanaita dedi yia, urudi mwakani nafasi yako ipo. Ukipotea tu bila barua, kurudi kwake ni kuanza kuomba upya. Na soma ufaulu mara ya kwanza, kila riteki, yaani kurudia mtihani, inalipiwa.

SWALI: Shangazi mimi ni wa boda hapa Kasese, miaka 27, niliishia S4, mke na mtoto mmoja. Nimesikia kuna njia ya watu wazima kuingia yunivasiti bila S6. Ni kweli au ni wale matapeli? Nataka mambo ya umeme. *B.*

JIBU: Ni kweli kaka, inaitwa mature age entry, ni ya walio na miaka 25 na zaidi, unafanya mtihani, Makerere wanayo na vyuo vingine pia. Tangazo hutoka kwa msimu, unalipia mtihani wenyewe, na tapeli ni yule anayekuuzia majibu. Lakini mtihani huo unakufungulia mlango tu, fizi ni ile ile ya wengine. Kwa kuwa umeishia S4 na unataka umeme mimi ningekushauri uangalie kwanza cheti kwenye chuo cha ufundi hapo hapo karibu, mwaka au miwili unashika waya na unapata pesa, halafu diploma, halafu digrii ukitaka. Boda ibaki inatembea jioni. Kuna pia mpango wa mikopo ya wanafunzi wa serikali ulioanzishwa kwa sheria ya 2014, unachukua sana watu wa sayansi na teknolojia, unalipa chuo moja kwa moja, unaanza kurudisha mwaka mmoja baada ya kumaliza. Chakula na nyumba haulipi, hiyo ni wewe na pikipiki.

SWALI: Namlipia mke wangu diploma ya uuguzi, huu mwaka wa pili, na slipu moja ya benki ya fizi imepotea. Rafiki zangu hapa Arua wanasema akimaliza ataniacha. Niache kulipa? *Baba S.*

JIBU: Hao rafiki wanakulipia chochote? Mtu umlipie mwaka mmoja na nusu halafu umuachie njiani, hapo ndo utakuwa umempa sababu. Maliza. Na ile slipu ya benki uliyosema imepotea, rudi benki wiki hii wakuchapie nyingine, usingoje wiki ya mtihani.