Kifaa cha kumsoma mama moyo

SWALI: Mimi ni nesi, naishi Minneapolis, Marekani. Mama yangu ana miaka 74 na yuko peke yake Tanga tangu baba afariki. Nikimpigia simu hunijibu "sijambo, mwanangu", lakini jirani ananiambia siku hizi hali chakula cha mchana. Nimeona roboti za nyumbani zenye akili bandia, zinatambua huzuni kwa uso na sauti, kisha zinamliwaza mtu. Nimnunulie?

JIBU: Pole, dada yangu. Usinunue, na sisemi hivyo kwa ajili ya bei.

Kifaa hicho huzuni hakiioni. Kinaona nyusi na midomo, kinasikia sauti ikipanda na kushuka, kisha kinabahatisha kwa kufuata mifano kiliyofundishwa. Mwaka 2019 mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi wakaonyesha kwamba uso peke yake hausemi kwa uhakika mtu ana hisia gani. Mwaka 2022 Microsoft nayo ikaacha kuuza huduma ya kukisia hisia kwa picha ya uso. Sasa mfikirie mama yako: huyu hata akiwa na homa atamchangamkia mgeni mlangoni. Mashine itasema ana furaha.

Linaloniuma zaidi ni hili. Roboti hizi nyingi hutegemea seva, yaani kompyuta za mbali, za kampuni iliyoziunda. Jibo, roboti ya nyumbani ya Marekani, mwaka 2019 iliwatangazia wenye nayo kwamba seva zake zitazimwa. Moxie, roboti ya watoto iliyouzwa dola 799, kampuni yake ilitangaza Desemba 2024 kwamba inafunga kwa kukosa fedha, wazazi wakabaki kutafuta namna ya kuwaeleza watoto. Mama ameshazika mume. Usimpe mwenzi mwingine ambaye uhai wake uko mikononi mwa wawekezaji.

Jirani ameshakuambia kwamba mama hali chakula cha mchana. Hakuna kamera iliyokupa habari hiyo. Msikilize huyo, na hizo dola mlipe binti wa mtaani awe anapika na kula na mama. Wewe piga simu ya video saa ya chakula, usimuulize hali. Muulize amepika nini, akuonyeshe sufuria. Na apelekwe hospitali: kukosa hamu ya kula katika umri wake huenda ni ugonjwa, unalijua hilo kunishinda.

Ukiona bado unakitaka, mwombe ruhusa kwanza, umweleze wazi kwamba kinamsikiliza. Akikataa, basi.