Vidole Hulia, Kosa ni la Tumbo

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Unabakije na joto unapokwenda kazini kwa pikipiki wakati wa baridi?", limenikuta na jozi tano za glavu kwenye droo. Sizitaji kwa kujisifu. Kila jozi niliinunua baada ya ile iliyotangulia kunishinda, na kila moja ni nene kuliko mwenzake, hadi ile ya tano ambayo nikiivaa siwezi kutofautisha swichi ya taa na ya honi. Ilinichukua misimu mitatu ya baridi kutambua kwamba glavu hazikuwa na kosa.

Kazi yangu ni ufundi cherehani. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kilomita 24, na sehemu kubwa ni barabara ya wazi isiyo na jengo wala mti wa kukata upepo. Siku iliyonizindua, nilifika, nikavua glavu, nikaketi kwenye cherehani, nikashika sindano. Uzi ukakataa kuingia tunduni. Nikaulowesha kwa mate, nikaukata ncha upya, nikasogea dirishani kwenye mwanga. Wapi! Nikakaa karibu nusu saa mikono iko kwapani huku mteja wa kwanza akinitazama bila kusema neno. Mtu huyohuyo aliyeshindwa kutunga uzi ndiye dakika kumi kabla alikuwa barabarani, akitegemea vidole vilevile kubana breki. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 17 kila sekunde. Vidole vikichelewa nusu sekunde tu, umeshapita mita nane na breki haijaanza hata kushika.

Nilianza kuuliza na kusoma, na nilichokipata kinaelezeka kwa mistari michache. Mwili ni bahili wa joto. Ukiona halitoshi, huliweka kwanza kwa moyo, mapafu, ini na ubongo, kwa sababu joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi uhai wenyewe unaingia hatarini. Basi kifua na tumbo vikianza kupoa, mishipa midogo ya damu ya vidoleni na miguuni hujibana, na damu ya moto haifiki tena huko kwa wingi. Vidole ndivyo vinavyotolewa kafara. Ukiwa umevaa glavu nene kiasi gani, glavu haizalishi joto, hutunza lile lililoletwa na damu. Ni kama chupa ya chai: ukiijaza maji baridi, itakutunzia ubaridi wake kwa uaminifu mkubwa.

Nikafanya jaribio. Wiki moja nilivaa glavu za jozi ya pili, zile za unene wa wastani nilizokuwa nimeziacha kwenye droo, kwa njia ileile na saa ileile. Nilichobadilisha ni kiwiliwili tu: nilijishonea kizibao kilichojazwa pamba ya poliesta, kirefu hadi chini ya kiuno, na shingoni nikavaa mkanda wa kitambaa cha sufu badala ya skafu. Siku ya tatu nilifika, nikakaa, nikatunga uzi mara moja. Mteja hakuwepo wa kunishuhudia, bahati mbaya.

Upepo nao tuuheshimu, maana ndio tofauti kubwa kati ya sisi na watembea kwa miguu. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, wakiwa Antaktika walitundika chombo cha plastiki chenye maji kwenye upepo na kupima kilichukua muda gani kuganda. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1945. Hesabu hizo zilifanyiwa marekebisho mwaka 2001, na kwa kanuni ya sasa, hewa ya nyuzi 5 ukiipasua kwa kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama nyuzi 3 chini ya sifuri. Hewa ikiwa kwenye sifuri kamili, kwa mwendo huohuo ngozi huhisi karibu 10 chini ya sifuri. Tafadhali zingatia maneno "ngozi iliyo wazi". Ngozi iliyofunikwa na kitu kisichopitisha upepo haiijui hesabu hiyo. Ndiyo maana waendesha baiskeli wa mashindano ya Ufaransa, wakifika kilele cha mlima, walizoea kupokea gazeti na kulisokomeza kifuani ndani ya jezi kabla ya kuanza kuteremka. Karatasi haina joto lolote, ila upepo haupiti. Mimi mwenyewe gazeti limeniokoa mara mbili, na magazeti ya zamani, Mhariri, yana kazi nyingi kuliko mnavyodhani.

Sasa niingie kwenye fani yangu, maana hapa nina neno.

Watu huja dukani na jaketi zito. Wanalinyanyua, wanalipima kwa mkono, likiwa zito wanaridhika. Mimi hulipindua nikalitazama kwa ndani. Kila mshono ni safu ya matundu ya sindano. Mshono wa kifuani usiozibwa kwa utepe kwa ndani unapitisha upepo, na mvua ikija unapitisha maji. Zipu ndiyo mbaya zaidi: ni meno yaliyoshikana, na katikati ya meno pana nafasi kuanzia kooni hadi kitovuni, yaani mahali pale pale upepo unapokupiga ana kwa ana. Jaketi la kweli lina kipande cha kitambaa kirefu nyuma ya zipu, upana wa vidole vitatu au vinne, chenye kusimama imara na kujikunja kidogo juu ili zipu isikukwaruze kidevu. Kama lako halina, fundi yeyote atakutilia kwa saa moja. Kwa maoni yangu kazi hiyo ya saa moja inashinda sweta la tatu.

Halafu kuna mambo ya kipimo. Watu hujaribu jaketi wakiwa wamesimama mbele ya kioo, mikono imening'inia. Kwenye pikipiki hakuna anayekaa hivyo. Kaa kwenye kiti, nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani, inama kidogo. Utaona mikono ya jaketi imepanda na kuacha viganja uchi, na mgongoni pindo limepanda hadi juu ya mkanda wa suruali. Hapo kiunoni, kwa nyuma, ndipo upepo unapoingia na kuzunguka hadi tumboni bila wewe kujua umetokea wapi. Utalaumu vidole. Jaketi liwe refu nyuma kuliko mbele, au kizibao cha ndani kirefushwe uweze kukichomeka. Lastiki ya kiunoni iwe laini ya kushika, isiyobana.

Kubana nako ni maradhi. Nimeona watu wamevaa fulana mbili, sweta mbili na jaketi limefungwa kwa nguvu hadi pumzi inatoka kwa shida. Kinachotunza joto ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, na ukiikamua yote nje umebaki na vitambaa vitupu. Tabaka tatu zinatosha: ya ngozini ya kunyonya jasho, ya kati yenye manyoya au ujazo wa kushika hewa, na ya nje ya kuzuia upepo. Ile ya ngozini isiwe pamba. Nasema hivi nikiwa mtu niliyekula mkate wa pamba maisha yangu yote. Kwa shati la kazini hakuna kitambaa ninachokipenda zaidi. Lakini pamba ikilowa jasho hukaa na maji yake, na maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Unatoka jasho ukisukuma pikipiki kutoka uani, kisha unakwenda kulipoza kwa kilomita 60 kwa saa. Sufu nyembamba au poliesta ya michezo ni bora, na hariri ni bora tena kama unayo.

Shingo nimeitaja. Skafu ndefu siitaki kabisa kwenye pikipiki. Mbali na kulegea na kufungua koo, ncha yake ikipeperuka ikashikwa na tairi au cheni, hakutakuwa na wa kuandika barua kwenu. Mrija wa kitambaa unaovutwa kichwani, unaoanzia chini ya kola na kuishia chini ya helmeti, ndio wenye akili.

Turudi mikononi, maana sisemi glavu ni bure. Mwili ukishapata joto lake, glavu huanza kufanya kazi. Ziwe na nafasi kidogo kwenye ncha za vidole, kwa sababu glavu inayobana hufunga mishipa ileile tunayoihangaikia. Ndani yake unaweza kuvaa nyingine nyembamba ya hariri. Kama hakuna mvua, mdomo wa glavu uvae juu ya mkono wa jaketi. Mvua ikinyesha mimi hugeuza, mkono wa jaketi ukawa juu, la sivyo maji yanayotiririka mkononi huishia kwenye kiganja.

Kitu kilichonishangaza kwa faida yake ni vile vifuko vinavyofungwa kwenye usukani na kufunika vishikio pamoja na mikono ya breki na klachi, unachomeka mikono ndani. Si vizuri kutazama. Pikipiki huonekana kama imevaa viatu. Lakini ukiwa navyo unaweza kuvaa glavu nyembamba na bado ukahisi wenzo wa breki. Uvifunge imara ili upepo usivisukume vikabonyeza breki, na kabla ya kuingia barabarani ujizoeze kuingiza na kutoa mkono haraka.

Vishikio vya umeme nimevitumia pikipiki ya shemeji. Raha, sikatai. Ila vinapasha kiganja huku upepo unapiga mgongo wa mkono, kwa hiyo bila kinga ya mbele ni nusu ya dawa. Jozi ya kawaida hula wati 30 hadi 40 hivi, na jaketi la umeme linaweza kula mara mbili ya hapo. Pikipiki kubwa za safari hubeba mzigo huo. Pikipiki ndogo ya kwendea kazini yenye taa inayowaka muda wote inaweza kushindwa kuichaji betri, hasa kwenye foleni. Fundi umeme apime kwanza, aweke fyuzi, na waya apitishe kwenye swichi ya ufunguo. Ukisahau kuzima bila hivyo, jioni utasukuma.

Kuna pia watu ambao vidole vyao huwa vyeupe kabisa kama chaki, kisha bluu, kisha vyekundu vikiwaka, hata kwa baridi ndogo. Hali hiyo ina jina la daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, aliyeieleza mwaka 1862. Mwenye kuiona kwake asihangaike na maduka ya glavu, amwone daktari. Na sigara kabla ya safari huibana mishipa hiyohiyo. Pombe hufanya kinyume: huifungua mishipa ya ngozi, ukajisikia moto huku joto la ndani linakimbilia nje, achilia mbali kwamba mlevi hana kazi kwenye usukani.

Kichwa sitakimaliza maneno. Ile habari ya kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani si kweli. Kichwa hakina ngozi nyingi kiasi hicho, na helmeti tayari imekifunika. Tatizo lake ni ukungu kwenye kioo, na dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kioo cha pili chembamba kinachobandikwa kwa ndani na kuacha hewa katikati.

Miguu imenisumbua hadi mwaka jana. Nilivaa soksi mbili nene, buti likabana, vidole vya miguu vikafa ganzi kuliko mwanzo. Sasa navaa soksi moja ya sufu na buti lenye nafasi, soli nene, na ndani nimekata kipande cha blanketi kuukuu kwa umbo la wayo. Buti nene lilileta shida nyingine: la kushoto halikupita chini ya wenzo wa gia, nikawa napandisha gia kwa kisigino cha mawazo. Nikaulegeza wenzo na kuuinua kidogo. Dakika tano, spana moja.

Ukishaanza kutetemeka usiendelee eti kwa sababu umebakiza kilomita sita. Simama mahali salama, tembea, zungusha mikono. Ukiona mwenzako alikuwa akitetemeka, sasa ameacha, anaongea kwa ulimi mzito na anashindwa hata kufungua helmeti, huyo hajapata nafuu. Ni wa kuingizwa ndani, kuvuliwa nguo zilizolowa, kufunikwa na kuitiwa msaada. Na mikono iliyokufa ganzi usiipeleke kwenye moto wala kwenye bomba la injini. Haisikii, kwa hiyo itaungua kabla haijakuambia. Maji ya uvuguvugu yanatosha.

Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi amenunua pikipiki yake ya kwanza. Alfajiri ya Jumatatu aliingia akipuliza viganja, akasimama mbele ya meza yangu.

"Fundi, nishauri. Ninunue glavu gani?"

Nikavuta futi kutoka shingoni, nikazunguka nyuma yake, nikaanza kumpima kutoka begani hadi chini ya kiuno.

"Fundi, mimi nimeuliza glavu."

"Nimekusikia," nikamwambia. "Kaa kwenye stuli, nyoosha mikono mbele."