Kabla Hujatuma Sarafu Zako Marekani Kupangiwa Daraja

Swali ninaloulizwa zaidi kwenye WhatsApp linakuja na picha mbili, mbele na nyuma: "Kaka, hii nikiipeleka PCGS itapata ngapi?" PCGS ni kampuni inayokagua sarafu na kuzipangia daraja kwa namba. Mara nyingi ni shilingi ya simba ya Afrika Mashariki, ile ya Mfalme George wa Sita. Jibu langu ni: usiipeleke. Jifunze kuipanga mwenyewe.

PCGS ilianza mwaka 1986 na kampuni nyingine ya aina hiyo, NGC, mwaka 1987, zote Marekani. Wataalamu wao huikagua sarafu, huthibitisha kuwa si ya kughushi, huipa namba kati ya 1 na 70, kisha huifunga kwenye kasha gumu la plastiki. Kipimo hicho kilitokana na kile cha William Sheldon cha mwaka 1949, alichokitunga kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Yeye alikuwa anatafuta bei: sarafu ya 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya 1. Hesabu hiyo ya bei ilikufa, namba zikabaki. Ndiyo maana zina mapengo, kutoka 45 unaruka hadi 50, halafu ukifika 60 kila namba inatumika.

Shughuli yenyewe iko pale kati ya 58 na 60. Sarafu ya 60 na kuendelea haijapita mikononi mwa watu sokoni. Ya 58 imepita, ila kidogo sana. Lakini ya 60 inaweza kuwa imejaa makovu ya kugongana na wenzake kwenye mfuko wa benki, na ya 58 ikawa nzuri kuliko hiyo kwa kila jicho. Binafsi, nikipewa nichague, nachukua 58 safi na chenji yangu narudi nayo nyumbani.

Utazitofautishaje? Zima taa ya chumbani, washa balbu moja, shika sarafu kwenye ukingo na uigeuzegeuze polepole. Sarafu mpya ina mng'aro wa kiwandani unaozunguka usoni mwake bila kukatika. Ukiona mng'aro unakatika juu ya sehemu zilizoinuka, hapo pameguswa. Kwenye shilingi angalia bega la simba na nywele za shingo yake, upande wa pili angalia nyusi na shavu la mfalme. Kwenye senti kumi yenye tundu hakuna kichwa cha mfalme, kwa hiyo tazama pembe za ndovu. Lenzi inayokuza mara tano inatosha. Ile ya mara ishirini itakuonyesha kasoro hata kwenye sarafu iliyotoka kiwandani jana.

Na tafadhali, usisugue. Ndimu, majivu, dawa ya meno, Brasso, vyote viache jikoni. Shilingi za simba za kabla ya 1948 zina madini ya fedha robo tu, hivyo kufifia na kuwa na weusi ni hali yake ya kawaida. Ukiisugua inabaki na mistari myembamba mamia kwa mamia inayoelekea upande mmoja, na mkaguzi anaiona papo hapo. Haitapewa namba. Kasha litaandikwa kuwa ni halisi lakini imesafishwa, na mnunuzi akisoma hivyo anapunguza bei bila huruma.

Tupige hesabu sasa. Ada ya kukaguliwa, usafirishaji wa kwenda na kurudi na bima vinafika makumi ya dola kwa urahisi. Shilingi ya simba iliyochakaa kwa matumizi haiwezi kurudisha hela hiyo, hata ikirudi kwenye kasha linalong'aa. Thumni ya sungura ya mwaka 1966 vilevile.

Zipo za kutuma. Rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ya mwaka 1916, yenye tembo, imeghushiwa mno, na hapo unalipia uhakika zaidi ya namba. Riyali ya Sultan Barghash ya mwaka 1299 Hijria nayo naiweka humo. Senti za Zanzibar za mwaka 1908 zenye mnazi, kama unazo, sijui unasubiri nini.

Ukinunua sarafu ambayo tayari iko kwenye kasha, usiliamini kasha lenyewe, maana nayo yanaghushiwa. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni iliyoitoa, kisha kama kuna picha, ilinganishe na sarafu iliyo mkononi, kovu kwa kovu. Pasipolingana, usitoe pesa, hata muuzaji awe rafiki yako.