Mume Kaondoka Mwaka wa Pili: Je, Ndoa Imejivunja?

SWALI: Asalaam alaykum shehe. Naishi Tanga, nina watoto wawili. Mume wangu alikwenda Mtwara kwenye biashara ya korosho, akaoa hukohuko, na huu ni mwaka wa pili harudi. Mara ya mwisho alinitumia elfu ishirini kwenye simu, Ramadhani ya mwaka jana. Nikimwomba talaka anasema nimlipe milioni moja, na mahari yangu yenyewe ilikuwa laki sita, laki mbili hajamaliza hadi leo. Jirani ananiambia miezi sita ikipita ndoa inajivunja, na yupo anayetaka kuniposa. Nifanyeje?

JAWABU: Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu.

Nianze na la jirani, maana ndilo la hatari. Ndoa haijivunji kwa kuhesabu miezi. Maneno hayo yana asili yake: Sayyidna Umar (r.a.) alimsikia usiku mwanamke akilalamikia upweke, mumewe yuko vitani. Akamuuliza bintiye Hafsa, mke huweza kumvumilia mume aliye mbali kwa muda gani? Katika jibu lake imetajwa miezi minne au sita, na Umar akawawekea askari wake mpaka. Ilikuwa amri ya kuwarudisha waume makwao, haikuwa talaka. Kwa hiyo wewe hadi sasa ni mke wa mtu, na huyo mposaji akae mbali. Kumposa mke wa mtu ni haramu, hata kwa mafumbo.

La pili ni hiyo milioni. Mke kujikomboa kwa mali kunaitwa khului, na asili yake ni mke wa Thabit bin Qays. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akasema hamlaumu mumewe kwa tabia wala kwa dini, lakini hawezi kuishi naye. Akaulizwa kama atamrudishia bustani aliyompa mahari, akakubali, na Thabit akaamrishwa aipokee na amtaliki. Angalia vizuri: Thabit hakuwa na kosa. Wako anakunyima matumizi, kisha anakuuzia mlango wa kutokea! Suratun Nisaa aya ya 19 inakataza kuwabana wanawake ili wanyang'anywe walichopewa. Usiende kukopa kikoba kwa ajili hiyo.

Mlango wako ni faskhi, yaani kadhi kuivunja ndoa kwa sababu ya kisheria. Kwa Mashafi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, mume asiyeweza kulisha hupewa muhula wa siku tatu, akishindwa mke ana haki ya kufasakhishiwa. Wako huenda anazo, ila hatoi; hapo wanazuoni wetu wamekhitilafiana, na baadhi yao wametoa fatwa kwamba matumizi yakishindikana kupatikana kwake, hukumu ni hiyohiyo. Nami naiona ndiyo fatwa inayomfaa mwanamke aliyeachwa akining'inia.

Huwezi kujifasakhi mwenyewe sebuleni. Nenda ofisi ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) ya wilaya ukiwa na cheti cha ndoa, orodha ya miamala ya simu, na watu wawili wanaojua nani analipa ada na unga wa hapo nyumbani. Mume ataitwa. Suluhu ikishindikana, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 baraza la usuluhishi wa ndoa la hapo hutoa hati ya kwamba limeshindwa kuwapatanisha, nawe unakwenda nayo mahakamani. Ungekuwa Unguja ungeanzia Mahakama ya Kadhi moja kwa moja.

Akija akiwa amejirudi, msikilize. Aya ya 128 ya sura hiyohiyo inaruhusu mke kusamehe sehemu ya haki zake ili ndoa ibaki, na Bibi Sauda, mke wa Mtume, alimwachia mke mwenziwe Bibi Aisha zamu yake. Lakini matumizi ya watoto si haki yako, huwezi kuyasamehe.

Ukifasakhishiwa, eda inaanza siku ya hukumu. Wako wengi wanaodhani miaka ya upweke imeshahesabika, haihesabiki. Ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi wa hedhi, au miezi mitatu kwa asiyepata hedhi. Hapo ndipo mposaji atakapoweza kuja kwa wazee wako.

Na ile laki mbili bado unamdai. Itaje mbele ya baraza, iandikwe.

Wallahu a'lam.